Kadi ya Mke Mmoja

Niliolewa mke wa pili na sikuona aibu, wala leo sioni. Mke mkubwa alikuwa kijijini kwetu, Samuye, akisimamia pamba, mtama na ng'ombe wa mume wetu. Mimi nilikaa kambini, kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Geita, katika chumba kimoja chenye paa la bati, nikimpikia mwanamume aliyetoka chini ya ardhi na vumbi mpaka kwenye kope. Kazi yake ilikuwa kusimamisha magogo ya kuzuia mwamba usiwaangukie watu.

Mgodi ulikuwa na hospitali yake. Kila mfanyakazi alivaa kipande cha bati chenye namba, na namba hiyo ilitutosha sote. Mtoto akiharisha, ukitaja namba ya mumeo unapewa dawa. Hakuna aliyekuuliza wewe ni mke wa ngapi. Tuliichukulia huduma ile kama posho ya unga, kitu kilichokuwepo na kitakachoendelea kuwepo.

Binti yangu wa kwanza alizaliwa hapo kwa kupasuliwa, baada ya siku mbili za uchungu. Mkunga, mwanamke wa Kizinza asiyependa porojo, aliniambia siku ya kunitoa nyuzi, "Wa pili usithubutu kumzalia nyumbani. Huu mshono ukiachia ukiwa mbali nasi, hatutawahi."

Nilipopata mimba ya pili, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mgodi ulikuwa umeanza kuyumba. Mume wangu alinieleza alivyosikia yeye: bei ya dhahabu ilikuwa imefungwa huko ng'ambo, haipandi, ilhali mafuta ya mitambo, mbao na unga vilipanda kila mara. Mimi nilichoona ni watu kupunguzwa. Vyumba viwili vya jirani vilibaki wazi, kisha vitano. Baadhi ya wanaume walirudi makwao. Wengine walijenga vibanda nje ya kambi pamoja na wake na watoto, wakingoja kuitwa tena, na hawakuitwa.

Halafu tangazo likabandikwa ofisini. Namba ya kipande ingemhudumia mfanyakazi peke yake. Familia ingetibiwa kwa kadi, na kadi ni ya mke mmoja na watoto wake, basi. Kila mwanamume aende kwa karani akataje jina.

Mume wangu alikwenda, akataja jina la mke mkubwa.

Aliponiambia jioni ile nilikuwa nakoroga ugali, na nakumbuka niliendelea kuukoroga mpaka ukawa mgumu wa kuvunja mwiko. Nikamuuliza kama anaona tumbo langu. Akasema analiona.

"Sasa mtu aliye Samuye, asiyejua hata mlango wa hospitali ulipo, kadi ya nini?"

"Ningemtajaje mdogo mbele ya mkubwa?" akanijibu. "Mbele ya watu wa kwetu waliojaa pale kwenye mstari?"

Wasiotoka kwetu watamwona mjinga. Hakuwa mjinga. Katika nyumba yetu mume akirudi safari, hata kama amepita mlangoni kwangu, mzigo aliutua kwanza kwa mkubwa. Mavuno mapya alionja kwanza kwa mkubwa. Karani alipomuuliza jina la mke, mdomo wake ulijibu kwa adabu aliyolelewa nayo, naye akajiona amefanya vizuri. Nilimkasirikia sana, na sehemu ya hasira ile ninayo bado, ingawa mwenyewe alishakufa zamani.

Kesho yake alirudi kwa karani kuomba abadilishiwe. Karani akasema kitabu kimefungwa, majina yatabadilishwa mwakani. Mwanangu asingengoja mwakani. Isitoshe, kadi ilitolewa kwa mwenye jina tu, aje mwenyewe aweke dole gumba.

Basi mume wangu akatuma ujumbe Samuye, na mke mkubwa akaja. Alisafiri siku mbili juu ya magunia ya chumvi, kwenye lori la mfanyabiashara lililopitia Kharumwa, na mvua ikamnyeshea njia nzima. Nilimpokea kwa shikamoo na maji ya moto. Hakuwa ameulizwa kama anataka kuja. Alikwenda ofisini, akaweka dole, akarudi na kadi, akanikabidhi mkononi.

"Haya, mdogo wangu," akasema. "Kuanzia leo wewe ndiye mimi. Usije tu ukaniharibia jina kwa uvivu."

Alikuwa mcheshi, na mimi nilikuwa nimesahau. Akaamua kubaki ili amwangalie binti yangu na kumpikia mume wetu nitakapokuwa hospitali. Kikohozi alikuwa nacho tayari. Alisema ni mafua ya mvua, nami nikaridhika na jibu hilo kwa sababu nilitaka kuridhika.

Niliingia hospitali kabla uchungu haujaanza, kama nilivyoagizwa. Mkunga wa Kizinza aliitazama kadi, akanitazama mimi, akaitazama tena kadi.

"Mama, hapa wameandika kwamba una binti wawili walioolewa."

"Niliolewa mapema," nikasema.

Akalifunua tumbo langu, akaliona kovu aliloliosha kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akanionyesha kitanda cha tatu, na tangu hapo akaniita kwa jina la mke mwenzangu, na wodi nzima ikafuata. Nilipasuliwa siku mbili baadaye. Mtoto alikuwa wa kiume, mzito, mwenye kelele.

Yaliyotokea nje ya wodi niliambiwa baadaye, na mume wangu alinieleza mara moja tu.

Siku niliyopasuliwa, kikohozi cha mke mkubwa kiligeuka kichomi. Alishindwa kuvuta pumzi bila kujishika ubavu. Mume wetu akamleta hospitali ileile, wakafika mlangoni, karani wa hapo akauliza jina. Mume akalitaja. Karani akafungua kitabu.

"Huyo amelazwa tayari, kitanda cha tatu. Amejifungua leo asubuhi. Huyu ni nani?"

Sindano za kichomi zilikuwemo humo ndani. Nilizisikia zikichemshwa kila alfajiri, kwani kitanda changu kilikuwa karibu na jiko la kuchemshia vyombo. Mume wetu angeweza kusema ukweli. Angefukuzwa kazi, nami ningetolewa wodini na mshono wa siku moja. Alisema baadaye kwamba mke mkubwa ndiye aliyesema kwa niaba yake.

"Mimi ni dada yake tu, nimekuja kumsalimia."

Dada hakuwa na kadi. Wanaume wanne wakamlaza kwenye machela, wakambeba mpaka zahanati ya mtemi, mtawala wa eneo lile, mwendo wa nusu siku. Zahanati ile iliendeshwa kwa fedha za hazina ya mtemi, na hazina iliishi kwa kodi ya kichwa. Walikuta uwanja umejaa watu wa vibandani, wale waliopunguzwa mgodini, na wake zao, na watoto. Mganga wa zahanati aliwaeleza bila ukali. Dawa zilikuwa zimepimwa kwa ajili ya wanavijiji wake, nao wanavijiji hawakupungua. Sasa familia zote za mgodi zilikuwa zimemwangukia yeye, na waume zao, kwa kukosa kazi, hawakulipa kodi ya kununulia dawa nyingine. Sindano zilikwisha majuma mawili nyuma. Alimpa vidonge vya maumivu na mkeka.

Alikufa siku ya tatu, wakamzika hukohuko.

Mimi sikuambiwa. Mkunga alijua, naye alinyamaza, maana mwanamke mwenye mshono haruhusiwi kulia kwa nguvu. Asubuhi alipopita na orodha yake aliita jina, nami nikaitika, siku ile na siku zilizofuata, kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri.

Siku ya kutoka nilimkuta karani mlangoni na kitabu chake. Akaitafuta mistari yetu kwa kidole, akaandika, kisha akagonga muhuri kwenye kadi, juu ya alama ya dole gumba la mke mkubwa: ametoka mzima, yeye na mtoto.