Kichwa Nilichokishika Mferejini Akheri

Mwaka ule maduka ya mjini Arusha yalijaa mchele wa kutoka nje mpaka mlangoni, na sisi huku Akheri tulikuwa tunakula unga wa njano wa msaada, maana mvua ilitunyima mahindi. Ndio mwaka huo. Ukitaka tarehe, muulize aliyesoma. Lakini haya yametokea, na mikono iliyoyashika ni hii hii yangu.

Mwanangu Elia, dereva wa watalii, alipata mtoto wa kiume. Mjukuu! Kichwa cha ukoo wetu kabisa, na sikio la kushoto limejikunja kama jani changa la mgomba. Mkewe Anna akakaa ndani miezi kadhaa bila kutoka, kama mzazi wa Kimeru anavyokaa, na mimi nikampikia mtori wa ndizi na nyama kila siku. Sijisifu bure, mtori wangu umenenepesha wazazi wa kijiji kizima. Siku ya kumtoa Anna ndani tulichinja, nikasugua sufuria ya mtori nikaiweka juu. Kesho yake ndipo alipofika Zaituni, binti wa Kondoa, kusaidia kazi za nyumbani.

Hata wiki haikupita mtoto akaanza kutapika, macho yakageuka, akalegea. Daktari wa kwanza akasema kichwa kimeumizwa. Nani anashinda naye mchana? Zaituni. Polisi wakamchukua hata kandambili hajavaa. Elia na Anna wakamkimbiza mtoto Nairobi, kwenye mashine inayopiga picha ndani ya kichwa.

Sasa sikiliza. Wakiwa huko, asubuhi moja nilikuwa nakata majani ya ng'ombe kando ya mfereji. Jua limeshatoka, mlima uko wazi, usije ukasema niliota. Akaja mwanamke nisiyemjua, kijana tu, mtoto mgongoni. Hakuniamkia. Nikajiuliza, huyu kalelewa na nani?

"Nishikie nijifunge vizuri," akasema.

Nikampokea. Niamini mimi: sikio la kushoto lilikuwa limejikunja. Mjukuu wangu, aliyekuwa Nairobi! Nikashika kichwa. Upande mmoja baridi kama jiwe la mferejini. Upande wa pili moto kama kiazi kilichotoka majivuni.

"Baridi ni ya zamani," akasema. "Moto ni wa juzi."

Akamchukua, akakanyaga tope, akaishia migombani. Nikaenda kutazama nyayo. Hakuna. Zangu tu.

Wengine wananiambia ulikuwa mzimu wa mtoto. Mzimu gani, na yeye alikuwa bado anapumua? Alikufa kesho yake. Walinirudishia amefungwa kwenye kanga niliyompokelea siku aliyozaliwa.

Baada ya mazishi daktari mmoja wa mjini akatuita, na askari wa kike yupo. Akaiweka ile picha ya Nairobi mbele ya taa.

"Shikamoo, bibi. Hapa peupe ni damu mpya. Hapa palipoingia giza ni damu ya zamani, ya wiki kadhaa nyuma. Siku yenyewe siwezi kuitaja, wala picha haionyeshi mkono wa mtu. Lakini huyu mtoto hakuumizwa mara moja tu."

Nikaanza kuhesabu moyoni. Wiki hizo Anna alikuwa bado ndani, Zaituni hajafika. Mchana nilikuwepo mimi. Usiku, yeye na Elia. Askari akaniambia nirudi kesho nieleze Zaituni alianza kazi lini.

Nyumbani shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, akanikalisha.

"Mama Elia, sema tu yule binti alikuja mzazi akiwa bado ndani. Nani atabisha? Na wewe mwenyewe kalenda huijui!" Akacheka.

Elia hakucheka. Alitazama sakafu. Nilingoja aniambie, "Mama, si mimi." Ningekuwa radhi kungoja mpaka asubuhi. Hakusema.

"Kalenda siijui," nikamjibu shemeji, "mtori naujua. Zaituni alikuja mtori umekwisha, simsogezi hata siku moja."

Polisi nikasema hivyo hivyo. Ndipo Anna naye akapata mdomo: usiku mtoto akilia, Elia alimkamata na kumtikisa mpaka anyamaze. Zaituni akatoka. Mwanangu akaingia.

Unadhani nilifurahi? Nilimzaa mimi, nikamnyonyesha mimi. Kiganja changu kimoja hakipati joto mpaka leo, hata nikikiweka juu ya mafiga. Wa ukoo wananipita kanisani kama nguzo.

Wewe unayelea, nisikie. Mtoto akilia mpaka akili ikuruke, mlaze chini, toka nje, kawapigie kelele ng'ombe. Usimtikise. Kichwa cha mtoto mchanga kinaweka kila kitu.

Juzi shemeji amekuja tena, na fimbo yake ya uzee. Eti niseme nilichanganya kwa uchungu wa msiba, Elia apate kutoka.

"Ni mwanao, Mama Elia. Huna mwingine."

Nikalia mbele yake, sikujificha. Kisha nikamwambia:

"Zaituni alikuja mtori umekwisha, simsogezi hata siku moja."