Mkwe Wangu Aliniinua Akiwa Amejifunga Macho

Admin, ficha jina langu, lakini uzuri wangu usiufiche. Mimi ni mzee wa hapa Bwera, miaka sabini na nane, na kila asubuhi naoga mwenyewe kwa maji baridi, nasugua mpaka kisigino, kisha nanyoa ndevu bila kioo. Vijana wa huku hawaniwezi.

Uongo. Mguu na mkono wa kushoto vililala mwaka jana, na leo ninapoandika kwa kidole kimoja nanuka mpaka kuku wananipita mbali. Sijaoga tangu mkwe wangu aondoke. Shule niliishia darasa la nne, Kiswahili nilikiokota jikoni kwa wanajeshi nikiwapikia maharage, kwa hiyo nikikosea msinicheke. Au chekeni tu. Kucheka ndiko kulikotuponza.

Mkwe wangu nitamwita Masika. Hapo simfichui: kwetu kila msichana wa kwanza kuzaliwa ni Masika, ukiita jina hilo sokoni nusu ya soko itageuka. Ni mke wa mwanangu anayepika kwenye hoteli huko Mweya na kurudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Mke wangu alipokuwa hai ndiye aliyeniogesha. Alipokufa nikabaki na Masika.

Ninyi wa mbali, sikieni. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani. Hata mkono hatupeani. Yeye kuniona uchi ni jambo la kuitisha ukoo mzima. Sasa mtu kama huyo amwogesheje mzee aliyepooza?

Masika alipata akili. Aliniwekea kiti ndani ya bafu letu la mabanzi, maji ya moto upande wa mkono mzima, na sabuni akaifunga kamba kwenye kiti, ikianguka naivuta kama mbuzi. Yeye anakaa nje, ameligeuzia bafu mgongo, anachambua maharage na kuniita.

"Baba, uko?"

"Niko."

"Mgongo umeoga?"

"Mgongo niliuacha jeshini."

"Basi tafuta shingo, nayo isije ikawa imetoroka."

Tuliishi hivyo vizuri. Kwa watu nilijigamba kwamba naoga peke yangu, kazi ya Masika ni kuchota maji tu. Mzee naye ana heshima yake, au sivyo?

Siku moja kiti kiliteleza. Nikaanguka kifudifudi, pua ndani ya maji machafu, siwezi kugeuka. Masika akaita, mimi nikajibu kwa mapovu. Akapiga kelele kuita wanaume, lakini ilikuwa siku ya soko, hakuna hata mmoja aliyekuwa karibu. Nikamsikia analia: "Baba, unisamehe, naingia. Sikuoni, haki ya Mungu sikuoni." Alikuwa amevua kitambaa chake cha kichwani akajifunga machoni, akakikaza. Akaja akipapasa mabanzi kama kipofu.

Alinigeuza uso, nikapata pumzi. Hofu ilikuwa imenibana, aibu imenibana zaidi, na mimi nikibanwa natania. Nikaanza kumwamuru kama afande: "Kulia geuka! Mbele tembea! Simama, hicho ni kichwa changu!" Akaniinua kwa makwapa, akanikalisha kitini, halafu akaangua kicheko. Nami nikacheka. Kilikuwa kicheko cha watu waliotoka kuponyoka kaburini, machozi yanatutoka.

Ndipo akaingia uani jirani yetu, mama mmoja muuza samaki, anarudisha mwavuli wangu aliouazima. Mlango wa bafu uko wazi; akaona nini? Mzee uchi, mkwe amemshika, wote wawili wanacheka. Akajiziba mdomo, akaondoka na mwavuli. Ilipofika jioni Bwera yote ilikuwa na habari hiyo.

Dada yangu akaitisha ukoo. Nikaeleza kila kitu, hata mapovu. Nikasema alikuwa amejifunga macho. Dada akanijibu mbele ya watu: "Wewe muzee, maisha yako yote ni michezo. Si ulituambia unaoga mwenyewe? Basi huyu mutoto wa watu alifuata nini ndani?" Watu wakacheka. Nikaapa, wakacheka zaidi. Masika alikuwa ameinamisha kichwa, na kitambaa kilekile kichwani. Wakamwambia arudi kwao Maliba. Kabla ya kuondoka alinichemshia maji, akayaacha mlangoni. Yalipoa nikiyatazama.

Mwanangu akapiga simu. "Baba, niambie ukweli." Nikamwambia. Akasema, "Nilitaka ule mwingine, baba." Akakata.

Wanaume wa ukoo waliahidi kupokezana kuniogesha. Sijaona pua ya mtu. Nimepata kidonda mgongoni na ndicho ninachokilalia. Sasa dada amekuja na shauri lake: niseme mimi ndiye niliyemwita ndani kwa nia mbaya. Nitoe mbuzi, nisafishwe, Masika atakuwa hana kosa na mumewe atamchukua wakaishi Mweya. Masika atapona. Lakini mwanangu hatanitazama tena usoni mpaka siku ya kunizika, nami nitaozea hapa. Nikikataa, Masika anabaki Maliba na jina chafu, ndoa imekufa, kwa sababu hakutaka nife nimelala kwenye povu.

Wanataka jibu Jumapili baada ya kanisa. Uongo nimeusema sana, lakini ulikuwa wa kuchekesha watu. Huu haunichekeshi. Ninyi mnaosoma, nipeni akili, yangu imefika mwisho: niuseme, nimwokoe?

Na wewe mama wa samaki, najua unasoma ukurasa huu, tena unawasomea wenzako kwa sauti. Mwavuli wangu bado uko kwako. Urudishe Jumapili, watu wakiwa wamekaa uani. Kitambaa cha Masika ni cha njano, nawe ulikiona kilikuwa wapi. Simama uwaambie hilo tu. Ukimaliza, mwavuli ondoka nao, ni wako.