Kengele ya Fundi Mkuu na Jiko la Mjerumani

Nyumbani kwetu Marangu tulikuwa na ng'ombe mwekundu. Mama yangu aliamini ng'ombe wekundu ni wapole, na kwamba wa kuogopwa ni weusi, kwa sababu mweusi wa jirani alishamvunja mtu mguu. Huyo wetu alikula majani tuliyomkatia, akatazama ukuta kama mtu aliyenuna, halafu asubuhi moja akampiga mama teke. Ndoo ikaenda upande wake na mama upande wake. Mama akiwa bado chini alisema, "Si yeye, ni inzi." Mpaka anazeeka aliendelea kusema kuwa wekundu ni wapole. Mtu akishaamini rangi, kumtoa hapo ni kazi.

Nawaambia habari za ng'ombe kwa sababu kila nikishika waya namkumbuka yule. Ngoja nifike.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Baada ya Uhuru, kipindi kila mtu akisema sasa nchi yetu, nilishuka Moshi mjini kuomba kazi kwenye karakana ya mafundi wa umeme. Aliyenipokea ni Fundi Mkuu, mtu wa Upare, mfupi, wa kofia ya kaki ambayo hata kwenye dari hakuivua. Aliweka mezani nyaya tatu, nyekundu, nyeusi na kijani, akaniuliza ipi ina moto wa umeme. Nikasema nyekundu. Mafundi wengine wakacheka, nikadhani nimepatia.

Yeye hakucheka. "Zote zimelala mezani, hazijaungwa na kitu," akasema. "Hakuna yenye moto hapo. Nimekuuliza waya, wewe umenijibu rangi."

Ndiyo siku yangu ya kwanza kazini, hiyo.

Kisha akanionyesha kengele yake. Lilikuwa kopo la majani ya chai, ndani betri za tochi na kengele ya mlangoni, na nje zimetoka ncha mbili za waya. Ukigusisha ncha hizo mahali pawili palipoungana, inalia. Pasipoungana, inanyamaza. Hivyo unajua waya huu unatoka wapi na unakwenda wapi, hata kama umepita ukutani usikouona. Na palikuwa na sheria ya karakana yetu: aliyeunga hapigi kengele. Anapiga mwenzake. Hata Fundi Mkuu akiunga, anapiga mwingine. Siku ile ile alisema mbele yetu sote, "Na mimi siku nikiunga kwa rangi, msihangaike kunifukuza. Nitaondoka mwenyewe." Tukacheka tena. Safari hii na yeye alicheka.

Nilifanya naye kazi miaka mingi. Tulifunga pampu Chekereni, kwenye mashamba ya mpunga, ambako mbu walikuwa wanatusubiri kama wageni wa arusi, na wali wa kule mpaka leo sijapata mfano wake. Lakini sifa yetu ilikuwa nyumba za zamani huku juu mlimani. Watu walianza kuacha jiko la nje, la moshi na mafiga, wakabomoa kuta wapate jiko kubwa ndani ya nyumba. Vijana mafundi, nisikilizeni hapa. Nyumba za zamani zilikuwa na nyaya mbili tu, laivu inayoleta moto na nyutro inayorudisha. Zilifungwa kwa mpira na kitambaa, na ukizikunja mpira unapukutika kama mkate mkavu. Usiungie jiko la umeme kwenye hizo. Unavuta waya mnene wake peke yake kutoka kwenye fyuzi. Halafu unavuta wa tatu, ethi, unaotoka kwenye bati la jiko kwenda kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini. Moto ukitoroka kwenye bati, unapita huko, fyuzi inakatika, mama wa watu anabaki mzima. Fimbo sisi tuliipiga kihambani, chini ya migomba, pale yanapomwagwa maji ya vyombo. Ardhi kavu haipokei moto.

Vifaa vilikuwa shida. Mpaka wa Holili, wa kwenda Kenya, ulikuwa umefungwa, na waya mwingine ulipanda mlimani chini ya mikungu ya ndizi. Sitasema zaidi, waliobeba wengine bado wapo.

Basi, nyumba ya Mama Anaeli. Ilikuwa nyumba ya mawe kule kwetu Marangu, imejengwa na mmisionari wa zamani. Mama huyu alikuwa amebomoa ukuta wa stoo kupanua jiko, na mchungaji mmoja Mjerumani aliyerudi kwao alikuwa amemwachia jiko lake la umeme, zito, jeupe, la vyungu vinne. Mwanawe alikuwa anapata kipaimara Jumapili inayofuata na wageni wangejaa. Kila siku tulipokuwa tunajaribu nyaya za vyumbani, Mama Anaeli alisimama mlangoni, na kengele ikilia anasema, "Haika!", ndiyo asante yetu Wachaga. Kwake kengele kulia ilikuwa baraka.

Siku ya mwisho Fundi Mkuu aliunga jiko mwenyewe. Alikuwa mzee sasa, na mwenye nyumba anamharakisha. Waya wa jiko ulikuwa na mwekundu, mweusi na wa kijivu. Alipomaliza akafunga kifuniko, akanyoosha mkono kwenye mein swichi. Sakafu ilikuwa imetoka kuoshwa, na Mama Anaeli, miguu mitupu, ameshaweka birika juu ya jiko na mkono wake uko kwenye mshikio wa oveni.

"Baba, mbona hili hamjalipigia kengele?" akauliza. "Au kengele ni ya vyumba, jikoni ni shauri langu?"

"Mama, hili nimeunga mimi," akasema Fundi Mkuu.

"Ndiyo nauliza. Si mlisema aliyeunga hapigi?"

Fundi Mkuu alitabasamu, akanisogezea kopo kwa mguu. "Piga, mama asikie."

Nikaweka ncha moja kwenye bati la jiko, nyingine kwenye njia ya moto. Kati ya hivyo viwili kengele inatakiwa kunyamaza. Ikalia.

"Haika!" akasema Mama Anaeli, akapiga makofi.

Fundi Mkuu akaondoa mkono kwenye swichi. Baadaye nilikuja kujua kwamba Wajerumani wa zamani waya wao mwekundu ndio ulikuwa ethi. Sisi tulifundishwa kwa njia ya Mwingereza, mwekundu ndio moto, na Fundi Mkuu ndivyo alivyounga. Ile swichi ingewashwa, jiko lisingechemsha hata kikombe. Moto wote ungekaa kwenye bati, pale kwenye mkono wa mama.

Mimi nilistaafu salama, nimeshafunga majiko siwezi kuyahesabu, na hakuna aliyepigwa na kazi yangu. Nasema hivyo bila aibu. Kopo lile ninalo, kengele bado inalia. Nililipata siku hiyo.

Fundi Mkuu alimwomba Mama Anaeli asogee kidogo. Akafungua kifuniko, akafuata kila waya kwa ncha ya bisibisi mpaka ndani ya jiko, akaunga upya, polepole. "Piga tena," akaniambia. Bati na moto, kimya. Bati na ethi, ikalia. Akaniambia niwashe mimi. Birika likaanza kuimba, Mama Anaeli akaenda kupakua mtori wa ndizi.

Fundi Mkuu akanawa mikono, akaweka plaizi yake juu ya kopo.

"Unakwenda wapi, Fundi? Chakula kinakuja," nikamwambia.

"Kuangalia nguzo," akasema.

Nilimwona dirishani. Akapita kihambani, akafika kwenye nguzo ya umeme, hakuinua macho. Akaivua ile kofia ya kaki, akaishika mkononi, akashika njia ya kuteremka, na karakana haikumwona tena.