Wilfried, Upande wa Wazima

Mimi Mama Émérence njo naandikaka nia za misa, majina ya watu wa kuombewa, kwenye parokia yetu hapa Kalemie. Kushoto wazima, kuume marehemu. Kila Jumamosi Papa Symphorien alikuwa anakuja, anavua kofia, anasema, "Wilfried. Kushoto." Naandika huku roho inanichemka! Wilfried, mutoto wake wa pekee, alipanda boti ya kwenda Moba kwa njia ya ziwa miaka tisa iliyopita, na boti haikufika. Familia zingine zote zililia matanga. Yeye akakataa. Basi muzee akabaki peke yake katika nyumba yake, mutaa wa Kataki, maana utaenda kukaa na muntu kwenye kilio gani, kama kilio hakuna?

Zamani alifundisha Kilatini seminarini. Sasa profesa mumoja wa Ubelgiji anamutumia kwa telefone picha za hati za kale, za ukoo wa mabwana Wanormani waliokuwa na mashamba Uingereza. Bwana Radulfo anawapa watawa shamba, mutoto wake Hugo anakubali, chini yanafuata majina ya mashahidi. Kazi ya Papa Symphorien ni kufuata majina hayo, hati kwa hati, ajue nani alizaliwa na nani alikufa. Hana wa kuongea naye, kwa hiyo nilisikia habari za Radulfo mpaka masikio yakachoka.

"Hugo hatajwi tena," aliniambia siku moja. "Profesa anataka niandike amekufa. Nimekataa! Angekufa, baba yake angetoa kitu watawa wamuombee. Hati hiyo haipo."

"Papa, Hugo angekuwa na miaka mia nane na zaidi!"

Hakucheka. Nikaona haya, maana nilijua hatuongei juu ya Hugo.

Wiki iliyopita akaja Jumanne, amevaa koti la misa. Akanionyesha telefone: picha ya hati ya ngozi iliyochanika pembeni, maandishi kama nyayo za kuku.

"Imepatikana," akasema. "Radulfo anawapa watawa kinu cha maji cha kusagia kwa ajili ya roho ya mutoto wake Hugo. Tangu Hugo aandikwe mara ya mwisho ni miaka kumi na mbili. Miaka kumi na mbili alimungojea, Mama."

Yesu Maria! Nikauliza tu, "Na kisha?"

"Kisha mashahidi. Majina kumi na moja, majirani zake. Siku ile walikuwa pale pamoja naye." Akarudisha telefone mfukoni. "Mimi sina hata mumoja."

Halafu akaweka kidole kwenye daftari langu, upande wa kuume.

"Wilfried," akasema.

Nikaandika. Machozi yakanitoka mbele yake, sikuyaficha. Nikafunga daftari, nikapita Kataki nyumba kwa nyumba, kwa Mama Arlette, kwa Papa Ghislain, kwa wote waliokuwa wamechoka kungoja muzee akubali kilio. Jua likizama tulikuwa tumejaa uani kwake, na viti havikutosha.