Lori Lililoota Mkono

Kazi ya kuzoa taka niliianzia mjini Buffalo, nikining'inia nyuma ya lori huku theluji ikinipiga usoni. Mimi na familia yangu tulipohamia Columbus niliipata tena. Wanawake wa kanisani waliona haya kwa niaba yangu. Mimi sikuona haya hata kidogo. Kazi niliijua, na mgongo ulikuwa wangu.

Halafu mdogo wangu wa kiume akanipigia simu kutoka Louisville, ambako alikuwa dereva wa lori la taka. Akasema malori mapya yameingia kwao, yana mkono wa chuma ubavuni: dereva anasukuma kijiti, mkono unatoka, unalikumbatia pipa, unalimwaga na kulirudisha. Watu wa nyuma hawahitajiki tena. Nilicheka. Nikamwambia chuma hakiwezi kujua kwamba kwenye njia yetu kuna bibi wa mtaa wa Clintonville anayeficha pipa lake nyuma ya gari.

Haikupita miezi mingi malori hayo yakafika kwetu. Yalitumia gesi badala ya dizeli, yalikuwa na kamera kila upande na skrini iliyoonyesha kila pipa lililomwagwa. Kampuni ilikuwa inakua, nyumba mpya zilichipuka kule Hilliard, pembeni mwa mji, kila kukicha, zote na mapipa ya ukubwa mmoja, lakini sisi wa nyuma tulikuwa tunapungua. Msimamizi alituita akasema wazi: atakayepata leseni ya lori kubwa kabla ya majira ya baridi atakaa kwenye usukani, na asiyepata atafute kazi kwingine. Nilikasirika siku nzima. Kesho yake nikaenda kuchukua kitabu cha madereva.

Mtihani wa maandishi niliufaulu kwa mara ya pili. Wa kulikagua lori niliujia kifua mbele. Mtahini alisimama na karatasi zake, nami nikalizunguka lori polepole. Niliinama, nikagusa matairi, nikavuta mipira ya breki za upepo, nikachungulia chini kama ninayetafuta sindano. Nilipomaliza nikasimama mbele yake, nimefumbata mikono, nikingoja. Akaniambia nimeshindwa.

Nilimpigia mdogo wangu nikilia kwa hasira, nikamweleza kwamba nilikagua kila kitu, sikuruka hata msumari. Akaniuliza nilisema nini.

"Sikusema kitu. Si alikuwa anaona?"

"Bon, yaya, ule mutu anangojea mudomo yako, haiko macho yako. Ata kama anaona, sema tu."

Yaya, ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa. Kwetu Kivu nililelewa hivi: kumweleza mkubwa kitu kilicho mbele ya macho yake ni kumfanya mjinga. Kumbe heshima yangu ndiyo iliyoniangusha, na hilo liliniuma kuliko kushindwa kwenyewe.

Basi nikaanza kusema. Kila jioni, kwenye maegesho ya nyumba zetu kule Reynoldsburg, nililizunguka gari letu dogo, simu sikioni, mdogo wangu akisikiliza kutoka Louisville. Nilitaja kwa Kiingereza changu kizito: tairi hili halijapasuka, bomba hili halivuji, taa hii si chafu. Nikinong'ona, ananirudisha mwanzo. Majirani walichungulia madirishani, nikawaacha wachungulie.

Siku ya kurudia nilimkuta mtahini yuleyule. Sauti yangu ilitetemeka mpaka tairi la kwanza, kisha ikatulia. Nikasema injini, nikasema breki, nikasema milango na vioo. Nilisema mpaka koo likakauka, na nikaanza kuona raha. Tulipofika nyuma ya lori, alikunja karatasi zake akasema inatosha, sehemu hii nimeshapita.

Kichwa changu kiliinama chenyewe, kwa mazoea. Nikakiinua.

"Bado sijamaliza," nikamwambia. "Tafadhali sogea kidogo, umeziba taa."

Akasogea.