Jumapili Zisizo na Mvua

Mama Mvua, ndivyo tunavyomwita mtakwimu wa ofisi yetu, husoma tarakimu za mvua za milimani kwa kidole, polepole, kama anayechagua mchele. Akikuta chuya hupiga mluzi. Penseli huichomeka kwenye nywele, kisha huitafuta chumba kizima, na mimi huona haya kumwambia ilipo. Jana mkuu alitaka kituo cha kupimia mvua kilicho juu kabisa mlimani kifungwe, na mzee anayekisoma aachishwe kazi kwa kubuni tarakimu: miaka kumi na moja, hakuna Jumapili hata moja yenye mvua. Mama Mvua akapiga mluzi, akapiga simu, sote tukisikiliza.

"Shikamoo mzee. Hivi huko mawingu hupumzika Jumapili?"

"Marahaba. Aa, mwanangu, Jumapili nashuka bondeni kwa mama mkwe. Kopo la mvua nalipima Jumatatu."

"Lote?"

"Lote! Nibakize nusu, nimwachie nani?"

Alicheka hadi penseli ikamdondoka kichwani. Akaiokota, akaandika kando ya kila Jumatatu: *siku mbili*. Kisha akamrudishia mkuu karatasi zake.

"Mvua yote ipo, bosi. Ilikuwa ikimngoja mzee arudi kutoka ukweni."