Bibi Chapwa na Vikopo vya Chumvi

Mafundi wa gereji walimbandika mpishi wao jina la Bibi Chapwa tangu alipoondoa vikopo vya chumvi mezani. Zamani walikuwa wakinyunyiza hata kabla ya kuonja, na mumewe, fundi breki, ndiye aliyekuwa kinara wao. Presha ilimpanda huku akijigamba kwamba yuko fiti.

Leo fundi rangi alisukuma sahani pembeni. "Mama, hiki si chakula cha hospitali?"

Mpishi alijibwaga kwenye benchi, miguu ikimwaka moto.

"Cha hospitali nakijua, mwanangu. Nilimlisha mwenzenu kwa kijiko alipopata kiharusi, mpaka akanifia mikononi."

Akamrudishia sahani.

"Nimechoka mie. Kumzika yeye nimeweza. Kuzika gereji nzima sina nguvu."